Nimeghani kisa cha bibi yangu nikapata makofi, lakini hakuna aliyejua kama babu alirudi

Mwana wa Kilwa anauliza:

Habari zenu wana jukwaa, na kwa wakubwa zangu shikamooni.

Ninaomba msaada katika jambo ambalo limenikosesha usingizi tangu mwisho wa mwezi uliopita. Mimi ni fundi umeme hapa Dar es Salaam, na jioni zangu nyingi huzitumia kwenye ushairi wa jukwaani, ule wa kusimama mbele ya watu na kughani kwa kichwa, bila karatasi na mara nyingi bila ala. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikighani mashairi mafupi ya maoni: foleni za barabarani, kodi ya chumba, mapenzi yaliyovunjika. Safari hii nilitaka kufanya jambo zito zaidi, nalo ni kusimulia kisa kizima kwa shairi la dakika tano.

Kisa chenyewe ni cha bibi yangu mzaa baba, ambaye yuko hai hadi leo huko Kilwa. Mwaka 1958 babu aliondoka na jahazi lililopakia boriti za mikoko kutoka Rufiji kuelekea Uarabuni. Waliondoka na upepo wa kusi, na kila mtu alijua kwamba wangerudi na ule wa kaskazi, kama ilivyokuwa desturi ya mabaharia wa zama zile. Kaskazi ilikuja, jahazi likarudi, babu hakuwamo. Wenzake walisema alishikwa na homa, wakamwacha bandarini akiuguzwa, na hawakujua kilichofuata. Kuanzia jioni hiyo bibi aliendelea kumpakulia chakula, akakifunika kwa kawa na kukiweka mahali pake, hata majirani wakaanza kunong'ona kwamba ameingiwa na wazimu. Kaskazi ya mwaka uliofuata babu akabisha hodi. Bibi alimtazama, hakulia wala hakupiga vigelegele. Alisema maneno mawili tu: "Chakula kimeshapoa."

Niliandika shairi hilo kwa majuma sita. Lilianza kwa kusema kwamba bahari ni kitabu kisicho na jalada, likaendelea kusema kwamba chozi lina chumvi kwa sababu lilizaliwa baharini, na lilikuwa na mistari mingi ya namna hiyo ambayo, nakiri, ninaipenda hadi sasa. Ukumbi ulishangilia. Kila baada ya mistari minne au mitano watu walipiga makofi na kunitaka nirudie. Niliposhuka nilijiona nimeshinda, mpaka mzee mmoja aliyekuwa amekaa kiti cha mbele kabisa aliponishika mkono na kuniuliza kwa upole, "Kijana, kwani huyo babu yako alirudi?"

Nilikuwa nimeshasema kwamba alirudi, na nilidhani kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yenye nguvu kuliko zote. Niliwauliza rafiki zangu watatu waliokuwepo, na mmoja tu ndiye aliyekuwa na uhakika. Basi naomba mnifahamishe: nilikosea wapi? Je, kisa hakifai kwa ushairi wa jukwaani? Na je, nitumie mizani na vina kama wazee, au niendelee na mtindo huru?

Mpita Njia:

Ndugu, kisa umekisimulia hapa kwa aya moja, nami nimekielewa na nimesisimka. Kwa nini usipande jukwaani ukakisema hivyo hivyo na kushuka?

Mwalimu Mstaafu, Mombasa:

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha fasihi kwa miaka thelathini na ushei, na ninakuhakikishia kwamba yule mzee wa kiti cha mbele amekufanyia hisani kubwa kuliko ukumbi wote uliokushangilia.

Nianze na swali la Mpita Njia, kwa kuwa si la mzaha. Aya yako ya kisa ina watu, mahali, mwaka, pepo mbili, sahani, kawa na sentensi moja ya kinywa cha bibi yako. Kila sentensi ndani yake inasogeza jambo mbele: waliondoka, jahazi likarudi, hakuwamo, akampakulia, akabisha hodi. Shairi lako, kwa jinsi unavyolieleza, lina bahari, kitabu, jalada na chozi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokwenda popote. Msomaji akipotewa na maana hurudisha jicho juu ya ukurasa. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudia, na wakati yeye anapigia makofi mstari wako wa chozi, wewe umeshapita mlangoni pamoja na babu yako bila yeye kuona.

Wazee wetu walilijua tatizo hili vizuri, kwa sababu tendi nyingi zilitungwa ili zisomwe kwa sauti mbele ya watu, tena kwa mahadhi. Chukua utendi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ambao kisa chake kilikuwa kimeshatembea midomoni mwa watu wa pwani kwa muda mrefu kabla yake. Liyongo yumo gerezani, anangoja kuuawa. Kijakazi wake Saada humletea chakula kila siku, na walinzi hukila kile kizuri. Liyongo anamtuma Saada kwa mama yake kwa maneno ya shairi, mbele ya walinzi hao hao, nao wanayasikia wasiyaelewe: mama aoke mkate wa wishwa, ndani yake afiche tupa. Mkate mbaya walinzi hawautaki, wanamwachia mfungwa. Halafu panapigwa ngoma ya gungu kwa ombi lake mwenyewe, na kelele za ngoma zinafunika mlio wa tupa inayokata minyororo. Tazama kwamba hakuna mahali ambapo mtunzi anasimama kutuambia kuwa Liyongo alikuwa mwerevu. Anatupatia mkate, anatupatia tupa, anatupatia ngoma, na sisi wasikilizaji tunajua jambo ambalo mlinzi halijui. Roho zetu zinakaa juu kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya pambo lolote.

Sasa kuhusu umbo. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani minane, yaani silabi nane kila kimoja, vitatu vina kina kimoja, na cha nne kinabeba kina ambacho hurudi mwishoni mwa kila ubeti hadi utenzi uishe, nacho tunakiita bahari. Wengi hudhani kwamba hiyo ni kamba ya kumfunga mtunzi. Mimi nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba ni kamba ya kumshika mkono msikilizaji gizani: kila bahari inaporudi anajua kwamba hatua moja imekwisha na nyingine inaanza. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 una beti zaidi ya elfu moja na bado mtu anaweza kuufuata kwa sikio, kwa kuwa ubeti mmoja aghalabu hubeba tendo moja dogo na kulitua.

Nimejaribu kisa chako jioni hii, nikinywa kahawa. Usikichukue, kitazame tu:

*Magharibi ikifika*
*sahani aliiweka,*
*kwa kawa akafunika,*
*ina samaki na wali.*

*Kusi ilipita moja*
*na ya pili nayo yaja,*
*naye bado anangoja,*
*sahani haibadili.*

*Jua li magharibini,*
*hodi yaja mlangoni,*
*kamtazama usoni,*
*hakutokwa na kauli.*

Hapo nimekwama, na nilipokwama nikagundua jambo lililonifurahisha. Hesabu maneno ya bibi yako: cha-ku-la-ki-me-sha-po-a. Ni mizani minane kamili. Bibi yako alimpokea mumewe kwa kipande cha utenzi bila kujua, ila kipande chenyewe kinaishia kwa "a" na bahari yangu ni "li". Itabidi nibadilishe bahari yote ili apate pa kukaa.

Mghani wa Umoja, Nairobi:

Mwalimu, kwa heshima zote, naomba usibadilishe bahari hata kidogo, na nitaeleza sababu baada ya kumjibu ndugu yetu wa Kilwa kuhusu makofi.

Mimi nimeghani katika kumbi za Nairobi kwa zaidi ya miaka kumi, na nimeshiriki mashindano mengi ya ushairi, yale tunayoyaita slamu. Ni vyema ujue mashindano haya yalitoka wapi, kwa maana tabia yake imeingia hata kwenye kumbi ambazo hazina mashindano. Yalianzishwa Chicago katikati ya miaka ya 1980 na Marc Smith, mshairi aliyekuwa akifanya kazi ya ujenzi, ambaye alichoka kuona mashairi yakisomwa kwa sauti ya usingizi mbele ya watu wachache wenye adabu. Kuanzia mwaka 1986 aliyafanyia katika klabu ya muziki iitwayo Green Mill. Kanuni zilizoenea baadaye ni rahisi: mghani hupewa dakika tatu na sekunde kumi za msamaha, waamuzi watano huokotwa kutoka miongoni mwa hadhira, kila mmoja hutoa alama kuanzia 0 hadi 10, kisha alama ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa na zinazobaki hujumlishwa, ili alama kamili iwe 30.

Mfumo huo uliwarudishia watu wa kawaida haki ya kuhukumu ushairi, na kwa hilo ninamshukuru yule mjenzi. Hata hivyo ulitufundisha pia kutafuta mwamuzi kila baada ya sekunde kumi na tano. Ukijua kwamba mtu aliyeshika kalamu anaweza kukuchoka, utamtupia mstari mtamu, kisha mwingine, kisha mwingine, na kila mmoja utasimama peke yake kama bango. Kisa hakiwezi kuishi kwa njia hiyo, kwa sababu kisa kinahitaji msikilizaji akubali kungoja, na makofi ya katikati humwambia kwamba jambo limeshatimia. Siku hizi ninapoghani kisa huwa ninapita juu ya mahali pa makofi bila kuvuta pumzi, hata kama mstari ni mzuri. Mwanzoni inauma. Baadaye unaanza kusikia ukumbi unanyamaza kwa namna nyingine kabisa, na ukiuonja unyamavu huo mara moja hutautamani mwingine.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usianze na bahari wala na jahazi. Anza na sahani iliyofunikwa, mahali pasipo na mtu. Ukumbi mzima utajiuliza ni ya nani, na ukishawapa swali hilo huna haja ya pambo. Wa pili, irudishe sahani mara tatu, na kila mara kitu kimoja tu kibadilike: mara ya kwanza jahazi limetoka kurudi na nyumba imejaa majirani wa kumfariji, mara ya pili majirani wanachungulia na kunong'ona, mara ya tatu hapana mtu anayeshangaa tena, hata paka wa nyumba ameshazoea kwamba ile si yake. Kwa njia hiyo utakuwa umepitisha mwaka mzima bila kusema "mwaka ukapita". Wa tatu, amua unamwambia nani. Mrisho Mpoto alipata umaarufu kwa kughani akimsemesha mjomba, na kwa kuwa anamsemesha mjomba, kila lawama yake inageuka kuwa mazungumzo ya ndani ya ukoo ambayo sisi tumeruhusiwa kuyasikia. Wewe, kama nimekuelewa, ulikuwa ukiuhutubia ukumbi. Jaribu kumsemesha babu, pale alipo Uarabuni, ambaye hajui kwamba anapakuliwa.

Sasa nije kwenye bahari ya Mwalimu. Beti zako ni tamu, lakini dakika tano nzima za utenzi zitawalaza vijana wangu wa Umoja, ambao sikio lao limelelewa na muziki wa kufokafoka na wanasubiri kina kianguke pasipotarajiwa. Ningeanza kwa maneno ya kawaida, kama mtu anayezungumza barazani, kisha beti za utenzi ziingie kila sahani inaporudi, ili sikio lijue kwamba sahani ina sauti yake. Hadhira itazoea "li", itaingoja "li", na ubeti wa mwisho utakapofika na kila mtu akiwa ameshaitengenezea nafasi masikioni mwake, bibi atasema, "Chakula kimeshapoa." Itavunja bahari. Ukumbi wote utahisi kwamba kuna kitu kimekatika hata kama hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusikia neno mizani. Mwaka mzima alingoja ndani ya vina, akavivunja yeye mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu, Mombasa:

Mghani wa Umoja, nimelisoma jibu lako mara mbili. Amri Abedi, yule aliyeandika sheria za kutunga mashairi, angekukaripia, na mimi nilikuwa tayari kumsaidia. Lakini nimejaribu kuzisema beti zile kwa sauti na kuimalizia kwa kauli ya bibi bila kuirekebisha, na mke wangu aliyekuwa chumba cha pili akaniuliza nimekatiza kwa nini. Bahari ibaki "li".

Mwana wa Kagera:

Nami naomba niongeze la nyumbani kwetu, kwa kuwa mazungumzo yamekaa sana pwani na mijini.

Sisi Wahaya tunayo nanga, na jina hilo hulitumia kwa ala na pia kwa tendi zinazoghanwa nayo. Si nanga ya chombo cha baharini. Ni kipande cha mti kilichochongwa mfano wa mvungu, na nyuzi zimetandazwa juu yake. Manju hukaa chini, huilaza ala mbele yake, na husimulia habari za mashujaa kama Rukiza, akiimba na kupiga mwenyewe. Profesa Mulokozi amezichunguza tendi hizi kwa kina, na tungo za namna hii, zinazobeba kisa kwa sauti iliyo kati ya kusema na kuimba, ndizo anazoziita ghani-simulizi. Nalileta jina hilo kwa makusudi, kwani ndugu yetu anauliza kama kisa kinafaa kwa kughani, wakati kughani visa ni kazi ya zamani kuliko vipaza sauti vyote vya mjini.

Nilichojifunza kwa kumsikiliza manju nilipokuwa mtoto ni jinsi anavyoacha kusema. Akifika mahali pazito hunyamaza, nyuzi zikaendelea peke yake, na wazee waliokaa karibu huguna au hutamka neno moja la kumsukuma. Mtoto unakaa pale huna la kufanya ila kumwona shujaa kwa macho yako mwenyewe, kwa sababu msimulizi ameondoka njiani. Wewe huna nanga, lakini una mikono na una pumzi. Baada ya hodi, usikimbilie maneno ya bibi. Simama. Tazama mlango ambao haupo. Hesabu kimoyomoyo mpaka nane, kwa kuwa Mwalimu amekupa nane. Kama mbele yako pana kigoda kitupu jukwaani, usikieleze kamwe.

Jambo jingine dogo: manju akiwa ni Rukiza anasema kwa kinywa cha Rukiza, na akiwa ni adui yake anabadilisha sauti kidogo tu, si kama mwigizaji wa vichekesho. Vijana wengi ninaowaona mitandaoni wakighani kisa cha bibi huanza kutetemesha sauti na kupinda mgongo. Bibi yako mwaka 1958 alikuwa msichana. Hakuwa na sauti ya kikongwe.

Bint Unguja, Maskati:

Assalamu alaykum. Mimi nimezaliwa Unguja na ninaishi Maskati, na kwetu hapa mazungumzo ya namna hii huyasoma watu wengi kimya kimya, maana wazee wetu nao walipanda vyombo hivyo hivyo kwa upande wa pili.

Kaka yangu wa Kilwa, "Uarabuni" ni kubwa mno kwa sikio. Umuulize bibi kama alipata kusikia jina la bandari. Ikiwa ilikuwa Suri, basi useme Suri, mji ambao unajulikana kwa mafundi wake wa kuunda majahazi, na palepale mtu wa Oman aliyekaa katika ukumbi wako atainua kichwa. Vilevile usizipite boriti mbio mbio. Zile ndizo zilizoezekea nyumba za huku, kwa sababu nchi yetu haina miti ya kutosha, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, basi mtu wa Ghuba amelala miaka mingi chini ya mkoko wa Rufiji asijue. Ikiwa babu aliugulia ndani ya nyumba ya huku, inawezekana kabisa kwamba alilala chali akitazama miti ya kwao. Sikwambii uliseme hilo kama limetokea. Nakwambia umuulize, na asipojua, uache lilivyo. Mwaka wa babu huna, una mwaka wa bibi tu, na mimi naona ni bora shairi lisijifanye linajua yaliyotokea upande huu.

La mwisho ni la adabu. Umeghani habari za mwanamke aliye hai, za ndani ya nyumba yake, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Je, bibi amesikia? Nauliza kwa sababu katika kisa chako majirani walisema ameingiwa na wazimu, na neno hilo kwa mwanamke wa pwani wa rika lake si dogo.

Mwana wa Kilwa:

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Swali la dada Bint Unguja lilinifanya nione haya, kwa kuwa bibi hakuwa amesikia, basi siku ya Ijumaa nilipanda basi nikaenda Kilwa.

Nilikuwa nimeshaandika upya. Mistari ya chozi na jalada nimeitoa yote, naihifadhi kwa siku nyingine. Sasa ninaanza hivi, nikimsemesha babu:

*Hapa pana sahani.*
*Hapana mtu.*
*Kaskazi imeleta jahazi, imeleta tende, imeleta chumvi,*
*imemrudisha kila uliyeondoka naye,*
*na kila mmoja amekula kwake.*
*Hii ni yako.*

Baada ya hapo unaingia ubeti wa kwanza wa Mwalimu, kisha ninaendelea kwa maneno ya kawaida hadi sahani ya pili. Mlangoni ninanyamaza kwa hesabu ya nane kama alivyoagiza Mwana wa Kagera, ingawa nilipojaribu mara ya kwanza mbele ya kioo nilishindwa kuvuka tano.

Nilimghania bibi sebuleni, yeye akiwa kitini na shangazi zangu wawili wakiwa wamekaa mkekani. Nilipofika kwenye ubeti wa kwanza alinyoosha mkono kunikatiza.

"Wali wa nani?" aliuliza. "Nani alikuwa na wali mwaka ule? Mume hayupo, mwenye kuleta hayupo. Tulikula bada."

Bada ni ugali wa muhogo. Shangazi mkubwa akacheka. Nikamuuliza bibi jambo ambalo miaka yote sikupata kuliuliza, kwamba chakula kile cha kila siku kilikwenda wapi. Alinijibu kana kwamba nimeuliza jua linachomozea wapi: "Baba yako alikila asubuhi. Kiporo. Ungedhani ningemwaga?" Kuhusu bandari alisema ni Suri, dada yangu, ingawa yeye hulitamka kwa namna ambayo ilibidi arudie mara tatu. Kuhusu wazimu alisema niliache hivyo hivyo, kwa kuwa waliosema wameshakufa wote na yeye yupo. Na alinitaka nimalizie, nikamalizia, na niliponyamaza pale mlangoni yeye ndiye aliyesema maneno yale kabla yangu, tena si kwa sauti ya huzuni niliyokuwa nimeizoeza. Aliyasema kama mtu aliyeudhika kidogo, kama anayemwambia mtu aliyechelewa kutoka msikitini. Miaka yote nilikuwa nikiyasema vibaya.

Sasa Mwalimu, nimebaki na tatizo. Bada haina "li". Nimejaribu kuisogeza hadi katikati ya kipande, nikapata mizani tisa, nikaipunguza, ikawa haieleweki. Je, bahari yote ibadilike, au nitafute njia ya kuiacha sahani bila kutaja kilichomo? Nitaghani tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, na shangazi mdogo ameahidi kuja.

Mwalimu Mstaafu, Mombasa:

Mwanangu, wali uondoke leo hii. Niliuweka mimi, kwa kuwa nilihitaji kina, wala sikumuuliza mwenye chungu. Nimsalimie bibi kupitia kwako na umwombe radhi kwa niaba yangu.

"Ina samaki na bada" ni mizani minane, kwa hiyo kipande hakina kosa. Kinachotakiwa ni beti nyingine zote zihamie "da", halafu kauli ya bibi bado itaivunja, kama Mghani wa Umoja anavyopenda. Nimekwisha kupata "shida", "muda" na "kawaida", na sijaridhika na hata kimoja kwa ubeti wa hodi. Nipe hadi Alhamisi.